Mto wa Arusi

Bulandina alikuwa mke wa Yafesi, fundi wa kufunga mabomba ya mvuke wa moto mgodini karibu na Kasese. Mabomba hayo yalivikwa asbesto, nyuzi laini ambazo mafundi waliziita pamba ya mawe. Kila jioni Yafesi alirudi mweupe kama aliyetumbukia katika unga, na mkewe alimvua ovaroli akaikung'uta mlangoni, huku watoto wakicheza katika vumbi lake. Mabaki ya pamba hiyo wanawake wa kambi ya wafanyakazi waliyajaza katika mito. Binti yao Kellen alipoolewa huko Bwera, Bulandina alimpa mto wa namna hiyo, umetariziwa maua mekundu.

Mwaka 1974 Yafesi alianza kuhema kama mtu anayepanda mlima, hata akiwa ameketi. Daktari aliitazama picha ya kifua chake, kisha akamgeukia Bulandina.

"Nani hufua nguo zake?"

"Mimi."

"Vumbi hili likiingia kifuani halitoki, mama. Hujificha miaka mingi."

Bulandina hakuuliza habari za kifua chake mwenyewe. Aliuwaza ule mto wa Kellen. Kulipopambazuka alikuwa njiani kwenda Bwera.

Alimkuta mjukuu wake wa miezi minne amelala, shavu juu ya maua mekundu. Penye mshono uliofumuka, nyuzi nyeupe zilichungulia. Alimnyanyua mtoto, akamkabidhi Kellen, akaukwapua mto.

Mkwewe Ithungu, mama wa mume wa Kellen, alisimama mlangoni. "We mukwe, umekula nini njiani? Zawadi ya arusi hairudi! Unataka watu waseme mutoto yako amefukuzwa?"

"Waseme wanavyotaka. Huu mto una ugonjwa."

"Ugonjwa! Na mutoto analala juu yake vizuri namna hii?"

Bulandina alitoka nje hadi kwenye moto wa kupikia, akautupa mto ndani. Maua yaliungua, kitambaa kikawa majivu. Lakini pamba ilibaki katikati ya makaa, nyeupe vilevile, kana kwamba moto ulikuwa umeilamba tu na kuiacha.

Ithungu alirudi nyuma, mkono kinywani. "Hii kitu ni nini?"

"Ndiyo iliyo kifuani mwa Yafesi."

Kellen alimkumbatia mwanawe kwa nguvu. "Mama, na mimi? Si nililalia mto kama huu utoto wangu wote?"

Bulandina alimshika binti yake bega. Ithungu ndiye aliyeleta maji bila kuambiwa, akaimwagia ile pamba, kisha akashika jembe. Waliizika nyuma ya migomba, kina cha kaburi la mtoto, wala hakuna aliyetaja tena zawadi.

Walipokuwa wakinawa mikono, mtoto alipiga chafya. Wanawake wote watatu waligeuka kwa pamoja, wakazuia pumzi zao ili wasikie yake.