Vichanja Vitatu Uwanjani kwa Kanisa

Mama Witness hana haya. Hilo nakuambia mimi Nesta, jirani yake hapa Iyula, niliyeanza naye kuanika kahawa tukiwa wasichana wadogo. Jina lake ni Ikupa, ila tangu amzae huyo binti yake mmoja hakuna anayemwita hivyo. Witness alipomaliza kidato cha nne, sote tulidhani atakwenda ualimu au uuguzi. Akachagua kusomea uchongaji. Sisi tukamhurumia mama yake; mwenyewe akatembea kifua mbele.

"Mwanangu anachonga," akawa anasema bombani, utadhani mtoto kapata ubunge.

"Anachonga nini, mama? Mipini?" nikamuuliza. Mimi ndiye niliyeanza kumcheka, sifichi.

Mwaka huu, mwezi wa kumi, kahawa ya mwisho ikiwa bado haijakauka, Witness alirudi na kazi yake ya kwanza kubwa. Alitaka kuiweka uwanjani kwa kanisa, na mama yake ndiye aliyekwenda kumwombea. Mzee wa kanisa, Zebedayo, alikubali shingo upande.

"Jumapili ibada ikiisha, watu wakiona ni mchezo wa watoto, mnaiondoa siku hiyohiyo," alisema. "Na wewe, Mama Witness, usije tena hapa na maombi ya namna hii."

Ikupa akaitikia. Kijiji kizima kikakaa kusubiri aumbuke.

Kazi yenyewe ilikuwa vichanja vitatu. Vichanja! Meza za miti na wavu, zilezile tunazoanikia kahawa kila mwaka, na juu yake punje nyeupe kama za kahawa iliyomenywa, zimetandazwa vizuri. Cha kwanza kifupi, cha pili cha kawaida, cha tatu kifupi tena kidogo. "Hata kupima kamshinda," nilimnong'oneza mwenzangu. Ikupa alikuwa amesimama pale na gauni lake la Pasaka. Anatazama, anazunguka, anarudi kutazama, anatabasamu peke yake. Tangu Alhamisi vilipowekwa alikuwa akija kila siku na hakuchoka. Watu wakamuuliza maana yake nini.

"Tazameni tu," akajibu. "Ugali hauelezwi, unaliwa."

Tukaingia ibadani. Tulipotoka, wingu lilikuwa limetanda upande wa Mlowo, na matone ya kwanza yakaanza kudondoka.

Sijui nani alipiga kelele, "Jamani, kahawa!" Nilijikuta nakimbia. Huku kwetu mvua ikija huulizi kahawa ni ya nani, unafunika kwanza. Kwaya ilikimbia na majoho yake. Mzee Zebedayo alivua koti la suti akalitandaza juu ya punje. Mimi nilifungua kitenge changu cha juu, nikainama kwenye kichanja cha tatu, na mikono ikaanza kukusanya yenyewe.

Punje zilikuwa nzito na za baridi. Nikaishika moja nikaigeuza: udongo wa kuchoma, umechongwa hata ule mfereji wa punje katikati.

"Ni udongo!" nikasema. Uwanja mzima ukaangua kicheko, na Zebedayo amesimama kwenye manyunyu, koti lake linalowa pale juu ya udongo.

Nilitaka kunyooka nicheke vizuri, mgongo ukagoma. Hapo ndipo nilipoelewa. Kichanja kile kilikuwa kimo changu cha sasa, cha mwanamke aliyepinda. Nikatazama cha kwanza: kimo cha msichana wa miaka kumi, tulichokuwa nacho mimi na Ikupa tulipoanza kuanika. Cha kati kilikuwa cha miaka ya nguvu zetu. Maisha yangu yote yalikuwa yamesimamishwa uwanjani, mimi niliyedhani hayana cha kutazamwa. Nikalia mbele ya watu.

Kicheko kikapungua, kikaisha. Mzee Zebedayo alikuja akaweka kiganja kwenye ukingo wa kile kichanja changu.

"Mama yangu alikuwa amepinda mpaka hapa," alisema taratibu. Kisha akamgeukia Ikupa. "Vitabaki, Mama Witness. Na binti akiwa na kazi nyingine, ailete."

Nilidhani Ikupa atashukuru kwa kupiga goti kama ilivyo desturi yetu. Hakupiga. Alitazama makoti, majoho na vitenge vyetu vilivyolala juu ya vile vichanja, akashika kiuno.

"Basi toeni nguo zenu," akasema. "Mmeifunika kazi ya mwanangu, watu hawaioni."