Isipokuwa Mlango wa Nyuma

Hotelini kwetu tulimwita Mama Funguo, kwa sababu ya shada la funguo alilovaa kiunoni. Ukisikia zinagongana kwenye korido ya ghorofa ya pili, ulijua una sekunde kumi za kujifanya unafanya kazi. Alisimamia vyumba ishirini na vinne, wahudumu wa usafi wanane na chumba cha kufulia. Mwenye hoteli alikuwa amemwoa mdogo wake, kwa hiyo wawili hao waliitana shemeji na kutaniana mbele yetu bila kuogopana. Mimi nilikuwa mapokezi, na hapo mezani kwangu kila neno la ukumbini lilinifikia.

Mwaka mmoja nyumba ya wageni ya mtaa wa pili iliungua. Mwenyewe akabaki kukodisha kiwanja chake kitupu kwa watu wa kuegesha magari. Bosi wetu akasema ukiona cha mwenzio chanyolewa, chako tia maji, akamwita wakala wa bima. Wakala alikuja na mikataba miwili, mmoja mwembamba wa bei nafuu na mwingine mnene. Bosi akauvuta ule mwembamba.

"Moto umo?"

"Umo, bosi."

"Wizi?"

"Umo."

"Basi lete kalamu."

Mama Funguo alikuwa anapita na foronya mikononi. Akasimama. "Shemeji, umeusoma?"

"Nisome nini? Moto umo, wizi umo. Unataka na mapenzi yawemo?"

Tulicheka, naye akacheka. Kisha akaweka foronya juu ya meza yangu na kuichukua mikataba yote miwili. "Nipe siku mbili. Mimi hata shuka silinunui bila kulikunjua."

Aliisoma saa za chakula cha mchana, amekaa juu ya mablanketi stoo, penseli sikioni. Ahadi za kampuni hakuzijali sana. Alitafuta neno moja tu, isipokuwa, na kila alipolikuta alilizungushia duara. Mkataba mwembamba ulikuwa na maduara kumi na manne. Hoteli ikiungua, kampuni ingejenga kuta, lakini isingelipa chochote kwa miezi ambayo tungekuwa tumefunga. Ule mnene ungelipa. Ila duara moja lilikuwa kwenye mikataba yote miwili: kampuni italipa hasara ya moto, isipokuwa pale ambapo mlango wowote wa kutokea ulikuwa umefungwa kiasi cha kutofunguka kutoka ndani bila ufunguo.

Mlango wetu wa nyuma, chini ya ngazi za wahudumu, ulikuwa na kufuli kubwa kwa miaka sita, tangu timu moja ya mpira ilipotorokea pale bila kulipa, na mashuka yetu mabegani. Ufunguo wa kufuli hilo alikuwa nao yeye.

Siku ya tatu alimfuata bosi ukumbini.

"Shemeji, bima hii ni mwavuli wenye matundu. Na tundu kubwa kuliko yote nimelivaa mimi kiunoni."

Akamsomea. Bosi akatikisa kichwa. "Ule mlango ukiachwa wazi, wageni wataondoka na vitanda."

"Na moto ukiwaka wamefungiwa?"

"Hoteli hii imewahi kuwaka lini?"

"Ya jirani iliwahi kuwaka mara ngapi kabla ya kuungua?"

Bosi akasema, "Sawa. Mgeni mmoja akitoroka pale, nani atabeba mzigo?"

"Mimi. Nitakukabidhi funguo zote niondoke, na mdogo wangu asinitetee."

Hapo hakuna aliyecheka. Alikuwa mjane mwenye mabinti wawili shuleni, na kazi nyingine hakuwa nayo.

Bosi alitia saini mkataba mnene, huku akilalamika kama anayeng'olewa jino. Fundi wa vyuma akaondoa kufuli na kuweka komeo la kusukuma: kutoka ndani unalisukuma kwa mkono au kwa nyonga, mlango unafunguka; kutoka nje haufunguki. Juu yake akafunga kengele inayolia mlango ukiguswa. Mama Funguo akatufanyisha zoezi, sisi wafanyakazi wote kumi na tisa, taulo mbichi puani, kutoka ghorofa ya juu hadi uani. Mpishi alifika wa kwanza. Hakuwa amewahi kuwa wa kwanza kufika popote.

Wiki ya tatu, saa kumi na mbili asubuhi, kengele ililia. Jiko zima likatoka mbio na kumkuta mgeni wa chumba namba tisa amesimama mlangoni na sanduku.

"Nilikuwa natafuta choo," akasema.

"Na sanduku nalo limebanwa?" Mama Funguo akamuuliza.

Alilipa. Lakini kabla ya kuondoka aliomba daftari la malalamiko na kuandika kwa hasira kwamba mlango wetu wa nyuma, ukisukumwa kidogo tu, unapiga kelele za kumwaibisha mtu mzima. Akaweka tarehe na saini. Bosi alisoma, akacheka mpaka akakaa chini. "Shemeji, kufuli halikuwahi kunikamatia mtu."

Miezi minane baadaye, saa nne asubuhi, mashine ya kukaushia nguo ilishika moto. Moshi ukapanda ngazi kubwa kama umeitwa. Mama Funguo alikuwa juu. Alipiga milango kwa kiganja, mmoja baada ya mwingine, akiita, "Ngazi za nyuma! Acheni mizigo!" Uani aliniamuru nisome kitabu cha wageni naye ahesabu vichwa. Kumi na saba walikuwa ndani, kumi na sita wameonekana. Nikaanza kuyasoma majina upya. Kisha mlango ukasukumwa, akatoka mgeni wa chumba namba ishirini na mbili, taulo kiunoni, povu la sabuni kichwani, akiuliza nani amefunga maji.

Chumba cha kufulia kiliteketea, na vyumba saba juu yake. Hakuna aliyeungua hata unywele.

Mkaguzi wa kampuni ya bima alikuja siku ya pili. Alikwenda moja kwa moja kwenye mlango wa nyuma, akainama, akagusa matundu ya zamani ya skrubu.

"Hapa palikuwa na kufuli," akasema. "Liliondolewa lini? Kabla ya moto, au jana?"

Mama Funguo alitoa risiti ya fundi. Mkaguzi akaitazama bila kuvutiwa. "Risiti huandikwa siku yoyote, mama."

"Basi soma ya mtu asiyetupenda." Akanigeukia. "Mletee lile daftari la malalamiko."

Mkaguzi alisoma maneno ya mgeni wa namba tisa mara mbili, tarehe na saini. Midomo ikaanza kumcheza. Akausukuma mlango kwa nyonga, kengele ikalia mpaka mtaa mzima ukageuka, naye akacheka kwa sauti. Kisha akaandika kwamba mlango ulikuwa unafunguka.

Kampuni ililipa kuta, mashine na mapato ya miezi miwili tuliyofunga. Mishahara yetu haikukatika hata mwezi mmoja, kwa hiyo hakuna aliyetafuta kazi kwingine. Siku ya kufungua tena, bosi alitukusanya ukumbini, akamshika shemeji yake mkono na kututangazia kwamba kuanzia siku hiyo yeye ndiye meneja.

"Na mimi nimebaki mume wa mdogo wake," akasema.

"Na hiyo nafasi iangalie vizuri," Mama Funguo akajibu.

Siku ya tatu vyumba vyote ishirini na vinne vilijaa, na jioni nilimwambia mgeni wa ishirini na tano, kwa furaha ambayo sikujaribu kuificha, kwamba samahani sana, hatuna nafasi.