Chumba cha Njegere

Mke wangu alikuwa mtu wa Njombe, nami nilimleta Shinyanga mwezi wa Oktoba, kabla mvua haijafikiria kunyesha. Bati lilikuwa linalia kwa joto na mbuzi wanalala chini ya malori. Hakulalamika. Alilowesha khanga, akajifunika nayo mchana, akaniuliza kama huku kwetu joto huwa linapumzika. Nilicheka. Nilikuwa na tabia hiyo mbaya, ya kucheka anaponiuliza jambo la kweli.

Tulikaa kota za mgodi wa almasi, upande wa Maganzo, katikati ya miaka ya sabini. Mimi nilikuwa fundi wa majokofu. Kazi yangu ilikuwa kuondoa joto mahali pamoja na kulitupa pengine, na niliijua vizuri hata nikaanza kujiona mjuaji wa kila kitu.

Alichokikosa, alisema, ni mama yake na njegere mbichi. Alivitaja pamoja kila mara: mama yake ameketi jikoni, anamenya njegere ndani ya ungo, na nje ukungu umefunika hata mti wa karibu. Safari ya Njombe ilikuwa siku nne za mabasi, kupitia Singida, Dodoma na Iringa. Kila mwaka nilimwahidi kwamba tutakwenda likizo, na kila mwaka nilipata sababu. Sababu kubwa niliipamba kwa mila. Kwetu Usukumani mkwe hukaa mbali na mama mkwe kwa heshima, hali naye chakula, wala hamtazami usoni. Nikamwambia kwamba nikienda kwao mara kwa mara nitaonekana sina adabu. Uongo mtupu. Nilikuwa mvivu wa safari, na tena niliogopa kwamba akifika kwao hatataka kurudi.

Basi nikaona badala ya kumpeleka Njombe, niilete Njombe Shinyanga.

Nyuma ya nyumba tulikuwa na stoo yenye dirisha moja. Nilipaka kuta chokaa, nikang'oa bati moja na kuweka vioo vya madirisha chakavu, kisha nikafunga mirija minne ya taa, ile mirefu myeupe, maana umeme wa kota ulikuwa wa bure. Choki za taa zile, yale madude yanayopata moto, nilizipeleka nje ya ukuta ili joto lake libaki hukohuko. Mbegu alikuwa nazo mwenyewe. Alikuja nazo kutoka kwao, zimefungwa kwenye ncha ya khanga, na alipozifungua ili anipe, alizihesabu kwanza kwa kidole.

Awamu ya kwanza ilikufa. Miche ilirefuka kama nyuzi, ikatoa maua machache, na mchana mmoja wa joto ukayaangusha yote. Alifagia maua yale, akayatupa nje.

Miche ya awamu ya pili ilikuwa bado michanga wakati jirani yetu, mama mmoja wa Kisukuma ambaye kota nzima ilimwita Mama Pacha, alipokuja kuomba mahali pa kuweka mitungi yake ya pombe ya mtama. Kwake wageni walikuwa wamejaa hadi jikoni.

"Siku tatu tu, ng'wanawane, mwanangu," alimwambia mke wangu. "Ila msikae humo mlango ukiwa umefungwa. Pombe ikichemka inakula pumzi ya mtu."

Siku tatu zikawa sita. Nikaona ajabu: njegere zilizokuwa karibu na mitungi zilikuwa na majani mapana na mashina manene, na zile za kona ya mbali zilikuwa vilevile zilivyokuwa. Nilimuuliza mwalimu wa sayansi wa shule ya pale. Akanieleza kwamba pombe inapochacha hutoa hewa ya ukaa, na hewa hiyo ndiyo chakula cha mmea, mradi kuna mwanga. Tena, alisema, mmea ulioshiba hewa hiyo huvumilia joto zaidi kidogo kuliko wenzake. Nilirudi nyumbani nikikimbia, mtu mzima mwenye masharubu.

Hapo ndipo nilipopotea. Ukifunga chumba, hewa inabaki lakini joto linapanda hadi mimea inalegea. Ukifungua, joto linatoka na hewa inatoka nalo. Nilihangaika na jambo hilo wiki nzima, nikilala nalo na kuamka nalo. Mwisho nikagawa siku. Alfajiri nilileta mitungi ya Mama Pacha, aliyekubali kuniazima kila alipopika pombe, nikawasha taa, nikafunga kila tundu, maana saa zile ukuta bado una baridi ya usiku. Saa nne, au kipimajoto kikigusa nyuzi thelathini, nilizima taa, nikatoa mitungi, nikafungua dirisha na mlango, nikatundika magunia yaliyoloweshwa ili upepo upite kwenye maji kabla ya kuingia. Mchana ule hakukuwa na chakula, kulikuwa na kupumua tu. Na njegere zikakubali. Zikapanda kamba, zikatoa maua meupe, na maua hayakuanguka.

Mke wangu alikuja kuyaona siku ya kwanza. Aliweka pua kwenye ua moja akafumba macho.

"Twende basi," alisema. "Mwezi huu twende nyumbani."

"Na hizi atazitunza nani?" nilimjibu. "Siku moja tu ya uzembe, zimekwisha. Subiri zizae."

Najisikia vibaya hata kuliandika jibu hilo. Mtu ananiomba twende kwa mama yake, mimi namtajia magunia.

Jumamosi moja, yapata saa tatu asubuhi, nilikuwa nimeingia mara moja kukagua. Vijiganda vya kwanza vilikuwa vimeshika, vyembamba, urefu wa ukucha. Kichwa kilikuwa kinaanza kuniuma kwa ile hewa lakini sikutaka kutoka bila kuvihesabu. Mlango ukafunguliwa wazi nyuma yangu.

"Funga mlango!" nilifoka. "Hewa inatoka!"

Alikuwa amesimama pale na karatasi mkononi. "Kuna..."

"Baadaye! Funga kwanza!"

Akafunga. Alifunga polepole, kwa adabu, yeye akiwa nje.

Nilipotoka saa nne nilimkuta anapanga nguo kwenye kikapu. Simu ya maandishi ilikuwa juu ya kitanda, na maneno yake yalikuwa matatu: MAMA MGONJWA NJOO. Nilisimama kama niliyemwagiwa maji. Nilitaka kuomba radhi, na badala yake nikaanza kupanga mambo, kwa sababu kupanga ndiko nilikokujua.

"Twende wote," alisema. Hakuwa analia. "Leo hii. Nakuomba."

"Tangulia wewe," nikamwambia. "Jumatatu naomba ruhusa kazini. Zimebaki wiki mbili tu, nitakufuata nikiwa na njegere. Mama yako azione."

Alifunga kikapu. "Mama hakosi njegere," alisema.

Nilimsindikiza hadi Shinyanga mjini, nikampandisha basi la Singida, nikarudi mbio kulowesha magunia. Sina cha kujitetea. Nilikuwa naamini kwa moyo wangu wote kwamba nikimfikia na ganda moja lililojaa, atajua jinsi ninavyompenda, na yote niliyokataa kumpa yatasamehewa.

Simu ya pili ilikuja kutoka kwa kaka yake. Mama alikuwa amezikwa siku moja kabla ya mke wangu kufika.

Hata hapo nilikaa siku nane zaidi. Nyumba ilikuwa kimya, sufuria zake zimepangwa kwa ukubwa kama alivyoziacha, na mimi nikiingia na kutoka stoo. Jioni nilimkumbuka sana. Mama Pacha alinipitia, akatazama mitungi yake, akasema tu, "Bado uko hapa, bhabha?" Nilichuma njegere, zikajaa kopo moja la maziwa ya unga. Ndipo nikaondoka.

Njombe nilifika kwenye manyunyu. Basi liliposhuka mteremko wa mwisho nilichungulia dirishani, nikaona mashamba ya njegere kila upande, kijani hadi kwenye ukungu. Wanawake walikuwa wakizibeba kwa magunia. Nililificha kopo chini ya koti.

Nyumbani kwa wafiwa walinipokea vizuri kuliko nilivyostahili. Baba mkwe aliitikia shikamoo yangu, akanishika mkono, hakuniuliza nilichelewa wapi. Dada wa mke wangu alipokea mizigo, akalikuta lile kopo, akazimwaga njegere kwenye ungo pamoja na nyingine walizokuwa wakimenya. Nilizitafuta kwa macho. Sikuweza kuzitofautisha. Mke wangu alikuwa ameketi papo hapo, anamenya, ameketi jinsi alivyokuwa akinisimulia kwamba mama yake huketi. Aliniuliza kama nimekula.

Ruhusa yangu ilikuwa ya siku kumi na nne, na nyingine nilizimaliza njiani. Asubuhi ya kuondoka nilimuuliza atarudi lini.

"Baba amebaki peke yake," alisema.

"Na mimi?"

"Wewe una kazi."

Nikapanda basi. Nilimwandikia barua kwa miaka miwili, naye alijibu kila moja, akinipa habari za mvua na afya ya baba yake. Sikumwita kwa nguvu, naye hakuniita. Kisha akaniandikia kwamba kuna mtu ameleta posa, na ananiomba nimpe talaka. Nilimwachia. Nilidhani huo ndio uungwana.

Miaka ya themanini ilinikuta Geita, nikitengeneza majokofu ya wenye mabucha na wauza soda waliofuata dhahabu. Asubuhi moja aliingia mtu na begi mgongoni, nikamtambua: kaka wa aliyekuwa mke wangu, amekuja kujaribu bahati machimboni. Tulikunywa chai. Aliniambia dada yake ana watoto watatu na hajambo. Halafu akasema, bila nia mbaya, kwamba ile miaka miwili ya barua dada yake alikuwa amefyeka majani ya kiwanja pembeni ya nyumba ya baba yao, akakipima kwa kamba, na kila aliyeuliza alimjibu kwamba ni cha karakana ya mumewe, akija.

"Mbona hakuniandikia?" nilimuuliza.

"Nilimwambia akuandikie. Alisema aliwahi kukuomba muende pamoja, na hataomba tena."

Alimaliza chai, akaniuliza njia ya machimboni, nikamwelekeza hadi kona. Kisha nikafunga karakana, saa tano ya asubuhi, wateja wakinitazama, nikaingia ndani nikalia.