Mpaka Mia, Halafu Moja

Mkwe wangu ni Mtanzania, amesoma sana, kazi yake ni ya ofisini huko Stafford. Mimi nilisoma darasa la pili kule Congo, la tatu shule ikafungwa, nikabaki na kuhesabu hadi mia. Hiyo mia nimeitumia. Miaka sita nilibandika tepu kwenye makatoni, ghala moja la Carrollton, pembeni mwa Dallas, kabla hatujahamia Sharpstown, huku kusini kwenye joto, maana mke wangu alisema baridi ya Dallas inamwingia kwenye meno. Meno yenyewe amebakiwa na machache, lakini tulihama.

Basi, Jumamosi moja mkwe aliazima boti ndogo ya mwenzake wa kazini, tukaenda baharini, Galveston, kuvua. Nchi kavu ilipokuwa nyembamba kama mstari wa penseli, miguu yangu ikalowa. Boti ya namna ile ina kitundu nyuma cha kutolea maji, na kitundu kina kizibo. Kizibo kilikuwa garini.

"Nilikitoa nikioshe, Baba," alisema.

"Basi kitakuwa kisafi."

Injini ikazimika. Simu yake ililowa ikafa, yangu niliiacha nyumbani inachaji. Tukaziba kwa soksi, maji yakaitema. Mke wangu alikuwa ametufungashia bukari, ninyi mnaita ugali, ndani ya sufuria. Nikakanda donge, nikalitia kwenye soksi, nikalisukuma kitunduni. Likapunguza maji, halikuyakomesha. Bukari iliyobaki tukaila haraka, maana sufuria ilihitajika.

Mkwe akachota kama mtu anayezima moto. Halafu akaanza hesabu zake: yanaingia kiasi hiki, tunatoa kiasi hiki. Alipopata jibu akakaa chini.

"Tumekwisha, Baba."

"Lete sufuria."

Kule ghalani nilijifunza kwamba ukitazama makatoni yaliyobaki, mkono unakufa. Nikachota polepole, moja, mbili, mpaka mia, halafu moja tena. Bahari ikarudisha. Na mimi nikarudisha.

"Umefika ngapi?" aliniuliza.

"Themanini."

Baadaye akauliza tena.

"Kumi na mbili."

"Baba, unarudi nyuma!"

"Nikimaliza mia naanza upya."

"Mia ngapi sasa?"

"Sijui. Hiyo hawakunifundisha."

 Kisha akanyoosha mkono, nikampa sufuria. Yeye akachota, mimi nikahesabu, asije akapiga hesabu zake tena. Tulipokezana hivyo hadi alasiri, maji yakiwa magotini, hayapandi wala hayashuki.

Ikatokea boti ya wavua kamba. Wakatutupia kamba ya kufungia, mmoja akapiga kelele kwa Kiingereza turuke upesi. Mimi nilikuwa nimefika sitini na tatu. Nikaacha kuhesabu, nikainuka.

Mkwe hakuinuka. Aliendelea kuchota.

"Malizia, Baba," alisema.

Nikakaa, nikamalizia. Wakatusubiri. Thelathini na saba si nyingi.