Jina la Mama kwa Herufi za Mshazari

Fundi mabango yule mtaa mzima ulimwita Mshazari, kwa sababu alikuwa na mwandiko mmoja tu: herufi nene, zisizo na vikia wala madoido, zote zimeinamia kulia kama watu wanaokimbilia kitu. Wenye gereji waliupenda. Wenye mabasi ndio usiseme, maana hata basi bovu likiandikwa hivyo huonekana liko mwendoni. Ukimwomba aandike wima, anakuvimbia. "Nenda kwa wanaoandika maiti."

Mama yake Mshazari alipofariki, yeye ndiye aliyeandika ubao wa kaburi. Hakuulizwa, alijipa kazi mwenyewe. Akaandika jina tu, kwa rangi nyeusi, akaupeleka nyumbani kwa dada yake mkubwa, ndugu wakiwa wamejaa sebuleni.

Dada mtu aliutazama ubao, kisha akamtazama yeye.

"Hili ni kaburi au duka la matairi?"

"Dada, mama alisukuma toroli la mashuka ya hospitali maisha yake yote. Lini ulimwona amesimama wima? Alikuwa hivihivi, ameinamia mbele."

"Aliinama kwa kuumwa mgongo! Nani aliukanda mgongo huo? Mimi. Wewe ulikuwa unapamba mabasi ya watu. Ukiitwa, uko mbioni. Sasa unataka na mama alale mbiombio?"

Mjomba akajaribu kuwatuliza, akaambulia matusi pande zote mbili. Dada akachukua msasa kwenye boksi la vifaa vya nduguye, akaanza kuukwangua ubao mbele ya macho yake. Mshazari akamvamia. Wakavutana kama watoto wanaogombea uji, watu wazima wale wenye mvi, hadi shangazi akapiga kelele. Herufi ya kwanza ilikuwa imeshachubuka.

"Utaandika upya, wima," dada akasema huku akihema, "au usikanyage makaburini."

Mshazari alijaribu, ingawa hakumwambia mtu. Kwenye karakana yake alipiga mistari kwa rula, akaandika jina lile limenyooka kwenye ubao mwingine. Likamtazama kama askari wa getini. Hakumwona mama humo hata kidogo. Akalifuta kwa kitambaa cha mafuta ya taa, akakaa chini, machozi yakamtoka kwa hasira zaidi ya huzuni.

Dada akaajiri fundi mwingine. Siku ya mazishi ubao wa wima ulisimama kaburini, na Mshazari alisimama nyuma kabisa, mikono mfukoni. Hakuna aliyempa koleo la kufukia kaburi.

Ubao wake uliochubuka aliupigilia juu ya mlango wa karakana. Wateja wapya wakadhani ni jina la biashara. Wakaanza kumwita hivyo, kwa jina la mama yake, naye akawa anaitika.

Asubuhi moja dada alipita akaukuta. Alisoma, akasikia mteja akiita, akasikia nduguye akiitikia kutoka ndani.

"Hata jina lake umeliiba," akasema kwa sauti ya kusikika.

Mshazari akatokeza na brashi mkononi. Dada alikuwa ameshavuka barabara.