Kulwa Wangu Msahaulifu

Siku hizi nikienda mnadani Mhunze napita uchochoroni, nisionane na wazazi. Mimi ni mwalimu wa darasa la pili, tena ndiye niliyekabidhiwa elimu jumuishi, eti mtoto yeyote asiachwe nyuma.

Darasani nina binti anaitwa Kulwa. Leo anasoma aya nzima bila kukwama, kesho anakodolea ubao macho kama hajawahi kuuona. Nilimfokea. Nilimsimamisha mbele ya wenzake wakamcheka. Kisha nikajifanya mtaalamu, nikajaza fomu kwamba ana tatizo la kumbukumbu, apelekwe darasa la mahitaji maalumu.

Ijumaa nikamwita mama yake, nikamsomea fomu yote mbele ya mwalimu mkuu. Alisikiliza ameinamisha kichwa.

"Nisamehe, mwalimu," akasema. "Nyumbani wako wawili, wamefanana. Sare ni moja, na ng'ombe hawawezi kubaki peke yao. Nikaandikisha mmoja. Leo anakuja huyu, kesho mwenzake. Ukiita Kulwa, yeyote aliyekuja anaitika."

Mwaka mzima nimefundisha watoto wawili nusunusu, nikawaadhibu wote kwa masomo ambayo hawakuyahudhuria. Na mimi ni Msukuma wa hapahapa, ambako kila mtu anajua pacha wa kwanza anaitwaje na wa pili anaitwaje.

"Huyo mwingine jina lake nani?" mwalimu mkuu akauliza, macho kwangu.

Mama akanitazama kwa huruma.

"Anaitwa Doto," akasema. "Kama wewe, mwalimu."