Kati ya Haikubali na Haijakubali

Ipo siku moja ambayo hainitoki kichwani, mwanangu, na jana uliponipigia simu kulalamika ikanirudia yote. Ulisema programu inayogawanya seva yenu haitaki mfumo mpya, kwamba watengenezaji wake wamelala, kwamba umengoja miezi minne na umechoka. Nilicheka, usinikasirikie. Hayo maneno ni yangu. Niliyasema humu humu Bukavu nikiwa msichana wa miaka ishirini na sita, mwenye diploma mpya na kichwa kigumu.

Nilikuwa fundi wa kompyuta katika redio moja ndogo ya mtaani. Tulikuwa na seva moja tu, na ndani yake programu iliyoligawa lile sanduku moja likawa kama mashine tatu: moja ya muziki, moja ya vipindi vya zamani, na moja ya matangazo ya watu. Matangazo ndiyo yaliyokuwa roho ya redio yetu. Mtu amefiwa, mtu amejifungua, mtu anamwita ndugu yake aliye Shabunda au kwenye milima ya Kalehe ambako simu haishiki: anakuja dirishani, anasema, tunaandika, na saa saba mchana linasomwa. Zamani waliandika katika daftari. Mimi ndiye niliyeliondoa hilo daftari. Nilisema ni mambo ya kizamani, kila kitu kiingie moja kwa moja kwenye mashine, na wakubwa wakanipigia makofi.

Mkuu wangu wa kazi alikuwa Mzee Ramazani, mtoto wa wafanyabiashara Waislamu wa Uvira. Kiswahili chake kilikuwa cha pwani, kimenyooka, na sisi watoto wa Bashi, wenyeji wa Bukavu, kilituchekesha. Mfumo mpya wa kuendesha kompyuta ulipotoka, kila Jumatatu nilisoma ukurasa wa wale watengenezaji, kisha nikaandika kwenye karatasi ya kazi iliyobandikwa ukutani: haikubali. Wiki baada ya wiki, haikubali. Jumatatu moja Mzee Ramazani akachukua kalamu, akachomeka herufi mbili katikati ya neno langu.

"Mwanangu," alisema, "ukiandika haikubali, ni kama mtu aliyekataa. Hawa hawajakataa, wangali wanajaribu. Andika haijakubali."

"Papa, si iko kintu moya tu?"

"Ingekuwa kitu kimoja, wazee wetu wasingejisumbua kuiweka hiyo ja."

Nikaona ananichosha na sarufi yake. Wiki hiyo hiyo rafiki yangu wa shule aliyekuwa Goma akaniandikia kwamba wao wanao mfumo mpya tayari. Wivu ukanipanda. Baadaye nilikuja kujua kwamba wao walitumia programu nyingine kabisa, lakini nani aliuliza? Jumanne Mzee Ramazani alikuwa Uvira kwenye harusi ya mpwa wake, na mimi, kabla ya saa sita, nikaweka mfumo mpya.

Ulifunguka vizuri, unang'aa. Nikaupiga picha, nikamtumia yule rafiki. Kisha nikafungua programu ya kugawanya, ikaniandikia mstari mmoja kwamba haiutambui mfumo huu, ikajifunga. Zile mashine tatu zilikuwa humo ndani, nzima, na mlango hakuna. Utauliza nakala za akiba zilikuwa wapi. Zilikuwa ndani ya sanduku lile lile, mwanangu. Haya, sasa ni zamu yako kucheka.

Saa saba mtangazaji akakaa mbele ya kipaza sauti bila kitu cha kusoma. Akapiga muziki, akawaomba wote walioleta matangazo warudi dirishani. Wengi walirudi wakinung'unika.

Alhamisi asubuhi Mzee Ramazani alikuwa amerejea, nami nilikuwa bado nahangaika kurudisha mfumo wa zamani, umeme unakatika kila kazi ikifika nusu. Mama mmoja muuza ndizi akaja dirishani na beseni lake kichwani.

"Ile annonce ya Furaha mulisoma siku gani? Nilileta Jumanne asubuhi. Mama yake hayafika mpaka leo. Mutoto wa watu iko yeye peke ku maternité, walimupasua, na hana garde-malade. Miye ni jirani tu, niko na watoto ku nyumba."

Wodi za wazazi za hospitali zetu unazijua. Muuguzi anatoa dawa, lakini uji, maji ya kuoga na kufua nguo za mtoto ni kazi ya garde-malade, mtu wa nyumbani anayekaa na mgonjwa. Asiye naye anaishi kwa huruma ya jirani wa kitandani. Huyo Furaha alikuwa na miaka kumi na tisa na ndiyo mimba yake ya kwanza. Mumewe alikuwa Shabunda akichimba dhahabu. Mama yake alikuwa mlimani huko Kalehe, hana simu, ana redio tu, na alikuwa anasikiliza redio yetu.

Mzee Ramazani hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Alikaa kwenye kiti changu akavuta kibodi kwake. "Hapa nitamaliza mimi," alisema. "Wewe nenda ukakae na huyo binti mpaka mama yake aje. Na umwambie sababu."

Nikanunua uji njiani, nikaenda. Nilimkuta amelala kaelekea ukutani, mtoto ubavuni, chakula alichopewa na jirani wa kitanda cha pili hajakigusa. Nikamweleza kila kitu, kuanzia ule wivu wangu. Akageuka polepole kutoka ukutani, akimshika mtoto wake.

"Basi maman hayasikia," alisema. "Miye nilizani alikatala kuya."

Walikuwa wamegombana, yeye na mama yake, kwa ajili ya yule mume. Siku mbili nzima binti yule alikuwa amelala pale na kidonda chake, ameamini kwamba mama yake amesikia na amekataa. Nilijificha bafuni nikalia kwa aibu. Nilikuwa nimemwandikia haikubali mama wa mtu, bila hata kumjua.

Nikafua, nikachemsha, nikambeba yule mtoto wa kike aliyekuwa na sauti kubwa kuliko mwili wake. Furaha alikula. Kila mlango ulipofunguka aliniuliza, "Amefika?" nami nikamjibu, "Bado, hayafika," na kila mara niliitamka pole pole hiyo ya, ambayo ndiyo ja yetu ya Bukavu.

Ijumaa saa saba, baada ya umeme uliokatika jana yake kurudi, redio ndogo ya kitanda cha pili ikasema: mama wa Furaha aliye Kalehe, binti yako amejifungua kwa upasuaji, yuko Bukavu, anakuita. Jumamosi boti ya ziwani kutoka Kalehe ilipofika, mama akaingia na furushi mgongoni, matope hadi magotini. Hakutusalimu. Alikwenda moja kwa moja kitandani, akaushika uso wa binti yake kwa mikono miwili. Baadaye sana ndipo akanigeukia.

"Na weye uko nani?"

"Niko fundi wa ku redio, maman. Njo miye niliharibu machine. Annonce yenu ilikawia juu yangu."

Alinitazama, akaitazama kamba ya nguo za mtoto nilizoanika dirishani.

"Siku ngapi uko hapa?"

"Tatu."

"Ikala chini. Ukule kwanza, kisha nitakugombeza."

Na alinigombeza kweli, mwanangu, tena sana, huku akiniongezea sambaza, dagaa wa ziwa letu, kwenye sahani kila nilipojaribu kunyanyuka.

Ile programu ilikuja kuukubali mfumo mpya baada ya miezi mingine mitano. Nilijaribu kwanza kwenye kompyuta ya pembeni, nakala za akiba zikiwa zimefungiwa kabatini kwa Mzee Ramazani, na daftari la matangazo lilikuwa limekwisha rudi dirishani. Nilipomaliza, hakuna msikilizaji aliyejua kwamba kuna kilichobadilika. Nilifurahi peke yangu, nikaenda kununua mkate.

Kwa hiyo ngoja, mwanangu. Soma wanachoandika watengenezaji, jaribu pembeni, weka akiba nje ya sanduku, na usishindane na watu wa Goma. Kidole chako kikikuwasha kubonyeza, jiulize kwanza ni nani amelala mahali akiyategemea yaliyomo humo ndani, na utaniambia kama bado una haraka. Na neno la mtu lisipokufikia, usiseme upesi kwamba amekukataa. Uliza kwanza kama lako lilimfikia.

Mungu akulinde wewe na mikono yako. Akupe wakubwa wa kazi wenye subira kubwa kuliko niliyokuwa nayo mimi. Na siku utakapokosea, kwa maana utakosea, akupeleke kwa mama atakayekulisha kabla ya kukugombeza.